Shaq alikuwa bado anaweza, Boston ndiyo iliyokosea hesabu

Kuna swali ambalo mashabiki wa mpira wa vikapu hawachoki kulibishania: je, nyota aliyezeeka, tena mwenye majeraha, bado anaweza kuisaidia timu yake? Kila msimu wa NBA huwa na mzee wake. Wengine husema apumzike, amekula chumvi ya kutosha. Wengine husema simba ni simba hata akizeeka. Na ubishi huishia pale pale ulipoanzia, kwa sababu pande zote mbili zinamtazama mchezaji peke yake. Timu haitazamwi.

Najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za seva, hifadhidata na lugha za kuandikia programu. Nivumilieni. Leo nataka tumzungumzie Shaquille O'Neal na msimu wake wa mwisho, ule wa 2010-11 alipochezea Boston Celtics. Kwa maoni yangu hakuna mfano bora wa kulijibu swali hili, na mtu yeyote aliyewahi kukabidhiwa mtambo wa zamani autunze atauelewa haraka kuliko mtangazaji wa michezo.

Kwa wasiomfahamu, Shaq alizaliwa mwaka 1972, ana urefu wa sentimita 216, na uzito wake ulikaribia kilo 150. Alitwaa ubingwa mara tatu mfululizo na Los Angeles Lakers, 2000 hadi 2002, na mara zote tatu akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Ubingwa wa nne aliupata na Miami Heat mwaka 2006. Alistaafu akiwa na pointi 28,596. Enzi zake, timu nyingine ziliajiri majitu ya kukaa benchi tu, kazi yao ikiwa kuingia na kumchezea rafu apewe mitupo huru, maana walijua karibu nusu ya mitupo hiyo angeikosa. Hebu fikiria: njia bora waliyoipata ya kumzuia ilikuwa kumpa nafasi ya kufunga bila mtu mbele yake!

Basi Agosti 2010, akiwa na miaka 38, mtu huyu aliyewahi kulipwa zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka alisaini na Boston kwa kima cha chini cha mshahara wa mchezaji mkongwe. Boston walikuwa na sababu nzuri ya kumtaka. Miezi miwili kabla, Juni 2010, walikuwa wameufikia mchezo wa 7 wa fainali dhidi ya Lakers na kupoteza 83 kwa 79. Senta wao Kendrick Perkins alikuwa ameumia goti katika mchezo wa 6, na katika ule wa 7 Lakers walidaka mipira 53 inayorudi kutoka kwenye kikapu, Boston wakadaka 40. Ubingwa uliondoka kwa sababu hapakuwa na mtu mkubwa wa kutosha chini ya kikapu. Perkins alitarajiwa kukosa nusu ya msimu uliofuata. Wakamchukua Shaq, wakamchukua na Jermaine O'Neal (hawana undugu, ni majina tu), senta mwingine mkongwe mwenye historia ndefu ya magoti.

Hadi hapo sina ugomvi na Boston hata kidogo. Ningefanya vivyo hivyo.

Na Shaq alifanya kazi. Alicheza dakika 20 kwa mechi, akafunga wastani wa pointi 9.2, akadaka mipira 4.8, na katika kila mitupo mitatu aliyorusha kikapuni, miwili iliingia. Hiyo ni asilimia 66.7, kubwa kuliko msimu mwingine wowote wa maisha yake. Hakuwa tena yule wa kuvunja vioo vya vikapu. Alikuwa mlango wa chuma: alisimama mahali, wapinzani wakazunguka, Rajon Rondo akampa pasi karibu na kikapu, akaweka ndani. Boston ikashinda mechi 41 kati ya 55 za kwanza.

Sasa hapa ndipo watu wa takwimu hupenda kufanya mchezo wao. Wanachukua pointi 9.2 kwa dakika 20, wanazidisha ili wapate hesabu ya dakika 36, wanakwambia: tazama, mzee huyu bado ni mtu wa pointi 16! Jamani. Hii ni sawa na kuijaribu programu kwa watumiaji kumi, kuona inajibu vizuri, halafu ukamwandikia bosi kwamba itabeba watumiaji elfu kumi kwa kasi ile ile. Zile dakika 20 zilikuwa nzuri kwa sababu zilikuwa 20. Kila dakika unayoongeza inakatwa kwenye kano, na kano haitoi risiti siku hiyo hiyo.

Takwimu ya maana zaidi kuhusu mzee mwenye majeraha haimo kwenye jedwali la pointi. Ni ile tunayoiuliza kuhusu seva kabla ya kuuliza kasi yake: kati ya siku zote unazoihitaji, ni siku ngapi ipo hewani? Tuhesabu basi. Msimu wa kawaida una mechi 82. Kuanzia 2005-06, Shaq alicheza 59, halafu 40, halafu 61, halafu 75, halafu 53. Jumla 288 kati ya 410. Asilimia 70. Hiyo ndiyo rekodi aliyokuja nayo Boston, na haikuwa siri, mtu yeyote mwenye kalamu angeipata.

Asilimia 70 si mbaya kwa mtu wa umri ule. Lakini kampuni gani itakubali kuweka mfumo wake wa malipo kwenye mtambo unaopatikana siku 7 kati ya 10? Tena wastani huu unadanganya, kwa sababu siku za kukosekana hazikusambaa sawasawa kama mvua ya masika. Mwili uliochoka huchoka zaidi mwisho wa safari. Mechi za Novemba haziamui chochote, na Novemba mzee huwa mzima. Mechi za Mei ndizo zinazoamua, na Mei ndipo mzee anapochechemea. Mwaka mmoja kabla, akiwa Cleveland, Shaq aliumia kidole gumba mwezi Februari, akafanyiwa upasuaji, akarudi wakati wa mechi za mtoano tu, na Cleveland iliyokuwa imeshinda mechi 61 ikatolewa. Na nani? Na Boston hao hao! Walikuwa wameuona ugonjwa kwa macho yao, wakiwa upande wa pili wa uwanja.

Tarehe 1 Februari 2011 Shaq alicheza, kisha akakaa nje. Kano ya Achilles, ile ya nyuma ya kisigino. Taarifa zikawa zile zile za kila wiki: anaendelea vizuri, atarudi karibuni. (Ukiwahi kumuuliza fundi wa mtandao lini laini itarudi, unaijua sauti hiyo.)

Tarehe 24 Februari, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, meneja mkuu Danny Ainge akampeleka Perkins Oklahoma City pamoja na Nate Robinson, akapokea Jeff Green, senta Nenad Krstic na haki ya kuchagua mchezaji chipukizi. Siku hiyo hiyo kijana mwingine mrefu, Semih Erden, akapelekwa Cleveland. Kwa hiyo jioni ile, chini ya kikapu, Boston ilibaki na Krstic, ambaye si mtu wa kugombana na majitu, na wazee wawili ambao wote walikuwa nje wakiuguza miguu.

Hapo ndipo nina ugomvi nao.

Nimesikia utetezi kwamba wazee walikuwa wawili, kwa hiyo mmoja akikosekana mwingine yupo. Kwenye karatasi hesabu ni nzuri. Tuseme kila mmoja hukosekana siku 3 kati ya 10. Uwezekano wa wote wawili kukosekana siku moja ni 0.3 mara 0.3, yaani asilimia 9. Nani ataogopa asilimia 9? Lakini hesabu hiyo inakubalika tu ikiwa kuumia kwa huyu hakuhusiani kabisa na kuumia kwa yule. Nunua diski mbili kutoka boksi moja siku moja, ziweke kwenye seva moja zibebe nakala ya kila kitu, zizungushe miaka mitano kwenye chumba kile kile chenye joto. Ya kwanza ikifa, usijifariji kwamba ya pili ina miaka mingine mitano. Au chukua ofisi ya Nairobi inayolipia laini mbili za intaneti kutoka kampuni mbili tofauti, kumbe nyaya zote zimelazwa kwenye mtaro mmoja. Tingatinga la barabara likipita halichagui.

Shaq na Jermaine walikuwa nyaya mbili kwenye mtaro mmoja: msimu mmoja, ratiba moja, umri unaolingana kimichezo, magoti na kano zilizobeba mizigo ya aina moja kwa miaka mingi. Jermaine alicheza mechi 24 tu katika msimu wote wa kawaida, Shaq 37. Ukijumlisha wote wawili hawafikishi mechi 82 za mtu mmoja!

Na ushindi ukapungua. Baada ya 41 kati ya 55, walishinda 15 kati ya 27 zilizobaki. Tarehe 3 Aprili Shaq akarudi dhidi ya Detroit. Alicheza dakika zisizofika 6, akafunga pointi 6, uwanja mzima umesimama, halafu akashika kigimbi. Akatoka. Kwenye mtoano Boston iliwafunga New York bila yeye, kisha ikakutana na Miami ya LeBron James na Dwyane Wade. Shaq alivaa jezi katika mechi mbili za duru hiyo. Kwa jumla alicheza dakika 12, akafunga pointi 2. Boston ikatolewa michezo 4 kwa 1.

Tarehe 1 Juni 2011 akatangaza kustaafu, na hili wapenzi wa teknolojia mtalipenda: hakuita waandishi kwanza. Alituma video ya sekunde kama 15 kupitia huduma ndogo iliyoitwa Tout na kuiweka Twitter. Miaka 19 ya kazi, sekunde 15 za kwaheri. Alikuwa mmoja wa wanamichezo wakubwa wa kwanza kuielewa Twitter. Aliingia mwaka 2008 baada ya kugundua kuna mtu anajifanya yeye, ndiyo maana jina lake la kwanza huko lilikuwa na neno la Kiingereza la kumaanisha "wa kweli".

Sasa, msomaji anaweza kusema: basi jibu ni rahisi, wazee wagonjwa hawasaidii, timu iwaache. Hapana! Ni mji huo huo wa Boston unaotuonyesha kinyume chake.

Mwaka 1985 Celtics walimchukua Bill Walton. Walton alikuwa bingwa na mchezaji bora wa fainali akiwa Portland mwaka 1977, na mchezaji bora wa ligi nzima 1978, kisha mifupa ya nyayo zake ikamsaliti. Alikosa msimu mzima wa 1978-79, akakosa mzima wa 1980-81, akakosa na wa 1981-82. Misimu mitatu kamili. Ukilinganisha faili la Walton na la Shaq, la Walton ndilo la kutisha zaidi. Lakini 1985-86 alicheza mechi 80, nyingi kuliko msimu mwingine wowote maishani mwake, akapata tuzo ya mchezaji bora wa akiba, na Boston ikashinda mechi 67 na ubingwa.

Tofauti iko wapi? Si dakika. Walton alicheza dakika 19 kwa mechi, Shaq 20. Karibu sawa kabisa. Tofauti ni kwamba Walton aliingia kumpokea Robert Parish. Senta wa timu alikuwa Parish, mtu wa kuaminika kama jua la Lodwar, na mbele yake walikuwepo Larry Bird na Kevin McHale. Walton angeamka asubuhi mguu unauma, kocha angemwambia lala, na timu ingecheza jioni ile bila kubomoka. Kwa kuwa timu iliweza kuishi bila yeye, hakulazimika kucheza akiwa mgonjwa, na labda ndiyo sababu moja hakuugua sana. Bahati nayo ilikuwepo, nakubali. Msimu uliofuata miguu ilikataa tena na akacheza mechi 10 tu. Lakini kwa mwaka mmoja waliouhitaji walimpata mzima.

Mwingine ni wetu wa Afrika, marehemu Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa. Mwaka 2008 alikuwa Houston, ana miaka 41, kazi yake kubwa ikiwa kukaa benchi nyuma ya Yao Ming. Mwishoni mwa Februari Yao akavunjika mfupa wa mguu, timu ikiwa imeshinda mechi 12 mfululizo. Kila mtu aliandika tanzia. Mzee akavua koti la mazoezi, akaingia, na Houston ikashinda nyingine 10, jumla 22, mfululizo ambao ni timu chache sana katika historia ya NBA zimewahi kuufikia. Kwenye mtoano walitolewa na Utah katika raundi ya kwanza, nisifiche hilo. Mutombo alikuwa akiba, na akiba ilifanya kazi ya akiba: ilibeba mzigo kwa muda, haikujengewa nyumba juu yake. Mwaka uliofuata, Aprili 2009, goti lake liliharibika katika mechi ya pili ya mtoano dhidi ya Portland na ndio ukawa mwisho wa kazi yake. Houston wakaishinda Portland hata hivyo.

Nirudi kwa Shaq, maana kabla ya Boston kuna sura nyingine inayosahaulika, nayo inanisumbua zaidi kwa sababu ndani yake hakuwa mgonjwa. Februari 2008 Phoenix Suns walimchukua kutoka Miami na kumtoa Shawn Marion. Phoenix ile ya Steve Nash na kocha Mike D'Antoni ilikuwa timu ya mbio, mpira unavuka uwanja kabla hujapepesa jicho. Madaktari na wataalamu wa viungo wa Phoenix walisifika kuliko wote kwenye ligi (hao ndio waliomfanya Grant Hill, ambaye miaka yake minne ya kwanza Orlando alicheza mechi 47 tu kwa sababu ya kifundo cha mguu, acheze 80 akiwa na miaka 38). Kwa Shaq walifanya muujiza huo huo: 2008-09 alicheza mechi 75, pointi 17.8 kwa mechi, akagawana na Kobe Bryant tuzo ya mchezaji bora wa mechi ya nyota wote. Ukiangalia jedwali utasema nyota amefufuka.

Na timu je? Mwaka wa kwanza ilitolewa raundi ya kwanza na San Antonio, 4 kwa 1. Mwaka wa pili haikufika hata kwenye mtoano. Akaondoka, wakarudi kukimbia, na mwaka 2010 wakafika fainali ya ukanda wa Magharibi.

Kwa hiyo Phoenix mtambo wa zamani ulikuwa mzima, unawaka usiku na mchana, lakini mfumo wote ulilazimika kuandikwa upya ili uuzunguke. Marafiki wa fani hii mnaelewa ninachosema. Hifadhidata kubwa inaletwa kwa sababu ya jina lake, halafu kila programu iliyokuwa ikipaa inaanza kupanga foleni kuisubiri. Hakuna kilichoharibika, na bado kila kitu ni polepole.

Ndiyo maana naona "anaweza bado au hawezi" si swali la kuulizwa mapema hivyo. La kwanza ni umempa kazi gani, na usiku ambao hayupo itakuwaje. Toronto walilijibu vizuri mwaka 2018-19 na Kawhi Leonard. Yeye hakuwa mzee, alikuwa na miaka 27, lakini alikuja na mguu uliomruhusu kucheza mechi 9 tu msimu uliotangulia. Walimpumzisha kwa mpango, kama unavyozima seva usiku wa Jumapili kwa matengenezo badala ya kungoja izimike Jumatatu asubuhi. Alicheza mechi 60. Katika zile 22 alizokosa, Toronto ilishinda 17. Juni akawa bingwa na mchezaji bora wa fainali. Watu walilalamika kwamba tiketi wamenunua na nyota hayupo, na mwaka 2023 NBA ikaleta sheria za kubana kupumzisha nyota ovyo. Wana haki yao, tiketi ni ghali. Lakini mimi kama mhandisi namwelewa Toronto.

Kuna jambo moja ambalo huwa halisemwi kwenye mijadala hii, nalo ndilo linalonifanya niandike. Timu ikimtegemea mgonjwa, anayelipa ni mgonjwa. Umemwona yule mzee wa idara aliyeandika mfumo wa mishahara kwa FoxPro miaka ya 90, na hakuna mwingine anayejua unavyofanya kazi? Watu humsifu: bila yeye hatuendi. Lakini tazama maisha yake. Hapewi likizo. Akiwa matanga kijijini simu inalia. Akiugua, anatumiwa tarakilishi ya mkononi hospitalini. Sifa ile ni mnyororo. Shaq, mwenye miaka 39, kano ikiwa na jeraha, aliburutwa hadi uwanjani Mei 2011 kwa dakika 12 kwa sababu Boston haikujiachia mtu mwingine. Nilizitazama mechi zile saa tisa usiku, kama tunavyozitazama sisi wa huku, na hakuwa anakimbia, alikuwa anahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mtu mwenye pete nne hakuwa na haja ya kuonekana hivyo.

Nijibu hoja mbili kabla hamjanirushia. Ya kwanza: hata kwa Perkins, Miami ingeshinda. Inawezekana kabisa. Rondo aliteguka kiwiko katika mchezo wa 3, na Perkins hakuwa mtu wa kumzuia LeBron. Jermaine naye alijitahidi, alianza mechi zote 9 za mtoano. Sisemi Perkins alikuwa na kombe mfukoni. Nasema uamuzi mbaya unabaki mbaya hata kama uamuzi mzuri nao ungeshindwa, kama vile kuendesha gari usiku bila taa hakugeuki kuwa busara kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa mbele.

Ya pili ina uzito zaidi: Perkins mwenyewe alikuwa majeruhi. Alikuwa amerudi Januari baada ya upasuaji, amecheza mechi 12 tu, na siku ya kubadilishwa alikuwa ameteguka goti tena. Mkataba wake ulikuwa unaisha na walikuwa hawajaelewana. Ainge hakuwa mjinga. Alimwona kijana mwenye goti bovu ambaye huenda angeondoka bure miezi minne baadaye. Lakini Perkins alikuwa na miaka 26, na jeraha lake lilikuwa la majuma machache. Jeraha la kijana lina tarehe ya kurudi. La mzee wa miaka 38 lina makadirio. Pierce, Garnett na Ray Allen walikuwa na mwaka mmoja, pengine miwili, ya kutafuta kombe la pili, na mwaka huo ulitumika kumsubiri mtu aliyekuwa kwenye makadirio.

Mimi ningembakiza Perkins hata kwa miezi minne hiyo, nikimjua wazi kwamba Julai anaondoka. Jermaine ningempa dakika 12 hivi. Shaq ningemwambia mwezi Machi: kaa nyumbani, funga mguu, usitupigie simu, na ukiweza kutupa dakika 8 dhidi ya Miami tutashukuru, usipoweza tuna mtu. Anayeona hesabu yangu ina kasoro alete yake, ila aje na idadi ya mechi, asije na pointi kwa dakika 36.